Zamili wa Upande wa Pili

Arubaini ya Yaslam ilipita, na nusu ya ukuta wa Bi Muzna ilikuwa bado haijapakwa chokaa.

Ulikuwa ukuta wa upande wa machweo, unaotazama bonde. Ghorofa mbili za juu, mkono wa kushoto, zilikuwa nyeupe kama maziwa. Mkono wa kulia ulikuwa udongo mtupu, na katikati palikuwa na mstari uliopindapinda, pale kazi ilipokatikia. Kila aliyeingia mji wa Shibam kwa lango kuu aliuona. Bakran peke yake hakuuona, maana tangu siku ya maziko alikuwa akipita njia ya nyuma ya msikiti, njia ndefu yenye mbuzi na maji machafu, ili asiinue macho.

Nyumba ya udongo haiogopi jua wala upepo, huogopa maji. Ghorofa za juu zikikosa chokaa, mvua moja nzito ya kiangazi huingia kichwani mwa nyumba kama maji yaingiavyo kwenye sukari. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya majabali kila alasiri. Yalikuja, yakatazama, yakaondoka. Kila mtu alijua hayatakuja kutazama tu milele.

Asubuhi moja Anis, mwana wa pekee wa Yaslam, alibisha mlangoni kwa Bakran. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, karani wa ofisi ya meli huko Jidda, aliyekuja kuzika na bado hajarudi.

"Ami Bakran, shangazi Muzna anakuita."

"Mwambie naumwa."

"Alisema utasema hivyo. Akaniambia nikujibu kwamba mgonjwa ni nyumba, wewe ni mvivu."

Bakran alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Mwambie atafute fundi mwingine. Mafundi hawakwisha Shibam."

"Wapo, wamekuja. Anawafukuza." Anis alikuna shingo. "Mmoja alimwambia tunaweza kuleta gari lenye ngazi kutoka Seiyun. Akamwuliza kama gari hilo litapita kwenye kichochoro chetu au tubomoe nyumba ya jirani kwanza."

"Nitakuja kesho."

"Amesema leo, ami. Amesema kesho ni neno la mwenye mguu uliovunjika."

Bakran aliingia ndani kutafuta kilemba. Hakuwa na hasira na kijana huyu, au alikuwa nayo kidogo, akaificha. Siku ya pili ya matanga, mgeni mmoja kutoka Tarim alimwona Bakran ameketi safu ya ndugu wa marehemu, akauliza kwa sauti ya chini yeye ni nani wao. Anis akajibu, "Ni zamili wake tu. Walifanya kazi pamoja." Hakusema kwa ubaya. Huko Jidda zamili ni mtu mliyekaa naye chumba kimoja chenye feni, anakusalimu asubuhi na kukusahau jioni. Lakini Bakran alinyanyuka taratibu, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mlangoni pamoja na waliokuja kwa saa moja. Alikaa pale hadi siku ya tatu. Alikuwa amefanya kazi na Yaslam miaka ishirini na tisa.

*

Mafundi wengine wa chokaa hushushwa. Mmoja hukaa kwenye ubao unaoning'inia, watatu humshikia kamba kutoka juu ya paa, na yeye hupaka huku akiwapigia kelele wamshushe, wampandishe, wasilale. Yaslam na Bakran hawakushushwa na mtu. Yaslam alikuwa ameokota gurudumu la kisima kilichokauka, akalifunga kwenye boriti kubwa inayotokeza nje ya paa, akapitisha kamba moja juu yake. Mwisho huu wa kamba ubao, na mwisho ule ubao. Hapa Yaslam, pale Bakran.

Walikuwa na uzito mmoja. Hilo ndilo lililowakutanisha. Yaslam alikuwa mrefu na mwembamba, Bakran mfupi na mnene, lakini kwenye mizani ya mwuza tende walitofautiana kwa konzi ya tende tu. Basi kamba ilikaa pale walipoiacha. Aliyetaka kupanda alivuta kidogo, mwenzake akashuka kidogo. Mmoja alipaka, mwingine akaja nyuma yake kulisugua lililopakwa kwa jiwe laini mpaka likang'aa. Na kila walipobadilishana walipishana katikati ya ukuta, bega kwa bega, hewani, ghorofa sita juu ya kichochoro.

Hapo ndipo walipozungumza. Miaka ishirini na tisa, mazungumzo ya kupishana.

"Binti yako amepata mchumba?"

"Amepata. Ana pua kama yako, masikini."

Na kila mmoja akaendelea na safari yake, huyu juu, yule chini, jibu likasubiri zamu ijayo.

Sheria ilikuwa moja. Aliyefika chini, kwenye dirisha la ghorofa ya tano, hakuweka mguu ndani kabla ya kuita, "Natoka, zamili!" Aliye juu alinasa ndoano ya kamba kwenye boriti, akajibu, "Toka, nimekushika." Ndipo wa chini akatoka. Angetoka kimya, ubao wake ungebaki mtupu, na mwenzake angeporomoka kama ndoo ya kisima. Bakran alidhani sheria hiyo ilitungwa na Yaslam kama alivyolitunga gurudumu. Hakuwahi kuuliza. Kitu kikikulinda kila siku huulizi kilikotoka.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Juu ya kamba ile methali hiyo haikufanya kazi. Mzigo wa mwenzio ndio uliokushikilia.

Na kamba ilijua kabla ya daktari. Mwaka uliopita, baada ya mfungo, Bakran alianza kushuka bila kuvuta. Kidogo tu, upana wa kiganja. Walipopishana alimtania.

"Vipi wewe, Bi Muzna amekunyima wali?"

"Amenipunguzia samaki," Yaslam alijibu. "Anasema nimezeeka, nitakabwa na mwiba."

Wiki iliyofuata kamba ilikaa sawa tena, na Bakran akasahau. Hilo lilimrudia sasa kila alipolala: kwamba kamba ilimwambia, naye akatania.

Lakini hilo halikuwa zito zaidi. Zito zaidi lilikuwa lile la siku ya mwisho, ambalo hakumwambia mtu.

*

Bi Muzna alikuwa dada mkubwa wa Yaslam, mjane, na tangu Yaslam afiwe na mkewe waliishi pamoja katika nyumba ile. Alikuwa amezidi miaka sabini na mitano na bado alipanda ngazi zote saba kila siku, akiwatukana waliozijenga. Alimkuta Bakran anahema mlangoni pa chumba cha ghorofa ya tano.

"Tazama mtu anavyohema! Zamani ulikuwa unaingia kwa dirisha kama njiwa."

"Zamani ni zamani, Bi Muzna."

"Siku arubaini na mbili. Hiyo ndiyo zamani yako?" Alimwonyesha mto wa kuegemea. "Kaa. Anis, mmiminie ami yako kahawa. Na wewe Bakran, mbona nguo zinakupwaya? Unakula?"

"Nakula."

"Mwongo."

Kahawa ilikuwa na tangawizi nyingi, kama alivyoipenda Yaslam. Bakran alikaa amelipa dirisha mgongo. Juu ya mabega yake mwanga wa bonde uliingia chumbani, na hakugeuka.

"Nataka unimalizie ukuta," Bi Muzna akasema.

"Siwezi."

"Mkono umekauka?"

"Mkono upo. Hakuna wa upande wa pili." Bakran alitazama kikombe. "Nimefikiri juu ya wote, Bi Muzna. Mwana wa Bafaraj ni mzito. Yule mfupi wa sokoni ni mwepesi, tena mwoga. Na hata nikimpata wa uzito wangu, sitaweza kukaa pale nikamwamini. Siwezi."

Anis, ambaye alikuwa akisikiliza kwa adabu, akaona asaidie. "Lakini ami, kazi ni kazi. Mimi ofisini nina wazamili kumi na wanane. Mmoja akiondoka, wiki hiyohiyo analetwa mwingine. Wengine hata majina yao siyajui."

"Hao si wazamili," Bi Muzna akasema bila kumtazama. "Hao ni watu mnaotumia mlango mmoja."

"Ndivyo tunavyoitana, shangazi."

"Mnajiita tu. Hilo neno mmelikuta njiani mkaliokota, hamkuuliza limeanguka kutoka wapi." Akaweka kikombe chini. "Lilianguka kutoka juu ya ngamia. Mimi nilikuwepo."

Anis alitabasamu kidogo, kama watu wanavyowatabasamia wazee. Bi Muzna aliliona tabasamu lile, akalingoja liishe.

"Nilikuwa na miaka saba," akaanza. "Baba alitutoa Shihr kutuleta huku kwa babu. Barabara ya magari hakuna, ni msafara, siku saba bondeni. Wanawake walikaa kwenye matenga makubwa, tenga moja ubavu huu wa ngamia, moja ubavu ule. Mama yangu alikuwa na mimba, akapewa tenga lake na dada yake. Mimi nikawekwa na mama mmoja mjane, mtu wa Ghayl, sikumjua wala hakunijua. Mnene, mashallah, kama mtungi. Mwenye ngamia akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaenda kuokota mawe. Akaniwekea miguuni moja moja, huku akilitikisa tandiko, mpaka matenga yakalingana. Kisha akaniinamia. Akasema, binti, huyu ni zamili wako. Si mama yako, si jirani yako, kabila lake silijui. Lakini mpaka Shibam mnakaa juu ya mgongo mmoja. Akishuka bila kukuambia utaanguka wewe. Ukishuka bila kumwambia ataanguka yeye. Kwa hiyo unamwita, naye anakujibu, ndipo unashuka. Umesikia? Nikasema nimesikia."

Bakran aliinua uso.

"Ndiyo," Bi Muzna akasema. "Maneno yenu. Natoka, zamili. Toka, nimekushika. Yaslam hakuyatunga. Niliyaimba mbele yake alipokuwa mdogo hajui kutembea vizuri, maana mimi sikuyasahau, na nina sababu ya kutoyasahau."

Alivuta mto wake, akaegemea.

"Siku ya nne tulipumzika chini ya mikunazi. Ngamia wamepiga magoti, kunazi zimeiva, zimejaa chini, nyekundu. Yule mama alikuwa amesinzia ndani ya tenga lake. Nikasema nikimwita ataamka, na akiamka atanikataza. Nikateleza nje, kimya. Nikaenda zangu kunazini. Mwenye ngamia hakuniona, akamwinua ngamia."

"Lahaula," Anis akasema. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Tandiko likageuka. Mama yule alianguka akalaliwa na matenga yote mawili na mawe yangu. Mkono ukavunjika hapa." Alijigusa juu ya kiwiko. "Mimi nimesimama, kunazi mdomoni. Nikasema sasa nitapigwa. Baba alinyanyua fimbo. Yule mama, amekaa mchangani anafungwa mkono kwa vijiti, akasema, mwache zamili wangu. Kisha akaniuliza, umeshiba kunazi? Basi. Hakuwahi kunisema tena. Asubuhi yake, kabla hajapanda, kwa mkono ule mmoja, akaniita vilevile. Napanda, zamili. Nilimjibu nikilia. Siku tatu zaidi tulikaa juu ya mgongo mmoja, kisha tukafika hapa langoni, akashuka, akaenda zake. Jina lake sikulijua. Mpaka leo namwombea dua kwa neno hilohilo, maana sina lingine: Mungu, mrehemu zamili wangu."

Chini kabisa, kichochoroni, mtu alikuwa akimfokea punda.

Bakran alikiweka chini kikombe chake. Miaka ishirini na tisa alikuwa ameyatoa maneno yale hewani, mara kwa mara hata bila kuyafikiri, kama mtu anavyokohoa. Sasa aliyaona yakitoka mbali, katika midomo ya watu wasiohesabika, wawili wawili, kulia na kushoto kwa migongo ya ngamia, watu waliokwisha kufa wote na misafara yao, kila mmoja akiwa hai hadi mwisho wa safari kwa sababu mgeni wa upande wa pili hakushuka kimya. Na yeye alikuwa wa mwisho katika mstari ule, na alikuwa amefanya ubaya.

"Bi Muzna," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile ya mwisho. Yaslam aliita. Mimi nilikuwa juu, namalizia kona. Nikamwambia angoje. Nikamtania. Nilisema, leo utangoja mpaka jogoo wa Seiyun awike. Nikasugua kona yangu taratibu, makusudi, ili kumchezea. Sikujua. Nilipomjibu akatoka, na nilipokuja chini nikamkuta amelala hapa na wewe unamshika kichwa." Alifunika macho kwa mkono. "Nilimngojesha. Mtu anakufa, nikamngojesha kwa mzaha."

Bi Muzna hakumwambia kwamba si kitu. Hakuwa mwanamke wa maneno hayo.

"Nilikuwa hapa dirishani," akasema. "Nilimwona. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu, jasho linamtiririka. Mguu wake mmoja ulikuwa umegusa kizingiti, hapa. Nikamshika mkono, nikamwambia ingia, Yaslam, ingia! Angeingia. Hatua moja tu. Akautoa mkono wangu. Akaniambia, dada, bado hajajibu." Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza na hili. Alipousikia mzaha wako, alicheka. Maumivu yale, na akacheka. Akasema, msikie mjinga wangu. Kisha ukajibu, akaingia, akaanguka."

Bakran alilia basi, mbele ya kijana na mbele ya mwanamke mzee, bila kujifunika. Anis aliangalia zulia. Baadaye alisema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya zamani, "Alimngoja ami."

"Alimngoja zamili wake," Bi Muzna akasema. "Nenda chumbani kwa baba yako. Nyuma ya sanduku kuna gunia. Lilete."

*

Anis hakuweza kulibeba. Alilikokota, likasaga sakafu. Lilikuwa gunia jipya la mchele, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mnene, na juu yake limefungwa kitanzi cha kamba chenye mafundo mawili. Bakran aliyatambua mafundo yale kabla hajayafikia. Hakuna aliyefunga hivyo ila Yaslam.

"Mawe ya bondeni," Bi Muzna akasema. "Kila moja amelizungushia kitambaa, lisitoboe gunia. Nilidhani amerukwa na akili. Kila Jumanne alitoka na kapu, akarudi na mawe, akayapeleka kupimwa kwa mwuza tende. Na hiki hapa."

Akatoa chini ya mto mshipi wa kiunoni, ule wa kitambaa ambao Yaslam alikuwa akijifunga kazini. Ulikuwa umeshonewa vifuko ndani. Bakran aliuchukua, ukaushusha mkono wake. Akatoa jiwe la kwanza, dogo kama yai la njiwa. La pili. La tatu. Yalikuwa kumi na saba.

"Kila alipopungua aliongeza moja," Bi Muzna akasema. "Ili usijue. Usiogope. Kamba isikuambie. Mwishoni nilikuwa namfunga mwenyewe, na nilimwambia, mpumbavu wewe, mtu mgonjwa anabeba mawe! Akasema si mawe, dada, ni mimi."

Bakran aliyapanga mawe yale kumi na saba kwenye zulia, mstari mmoja. Aliona miezi yote ile tena, kila kupishana, kila mzaha, na kwamba mtu aliyekuwa bega kwa bega naye hewani alikuwa akipungua na kujirudishia mwenyewe jiwe kwa jiwe, ili yeye asiteremke hata upana wa kiganja. Alijua uzuri wa ukuta uliosuguliwa, alijua uzuri wa bonde likipigwa na jua la kwanza. Hakuwa amewahi kuona kitu kizuri namna hii.

"Na gunia?" Anis akauliza, ingawa alikuwa ameshaelewa. Wote walikuwa wameshaelewa.

"Gunia ni la kumalizia ukuta," Bi Muzna akasema. "Alisema, Bakran hatamkubali mtu."

*

Siku iliyofuata mawingu yalikuja mapema. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yameshafunika jabali la kusini, na upepo ulinuka vumbi lenye maji.

Bakran alipima kamba shubiri kwa shubiri. Alipaka gurudumu mafuta. Chokaa alikuwa ameitwanga tangu alfajiri pamoja na Anis, ambaye viganja vyake vya ofisini vilitoka malengelenge na hakulalamika, ila mara mbili.

"Hii ndoano," Bakran akamwonyesha juu ya paa. "Gunia likifika juu, nami nikiwa dirishani, unalinasa hapa. Bila kunasa, nikitoka mimi, litashuka mpaka kichochoroni na kuua mtu."

"Nimeelewa."

Wakalifunga gunia kwenye ubao wa Yaslam, wakaliteremsha polepole kwa kamba ya akiba. Bakran alikaa kwenye ubao wake. Akasema bismillahi, akaachia paa.

Na akapanda juu.

Kiganja, kisha shubiri, hadi kilemba chake kikagonga boriti. Gunia lilikuwa limemshinda. Kutoka dirishani chini kikatoka kicheko cha Bi Muzna, cha kwanza tangu maziko.

"Nilikuambia huli! Tazama, umekonda mpaka maiti anakunyanyua!"

"Tupunguze jiwe moja, ami?" Anis akauliza.

"Usiguse!" Bakran alisema kwa ukali, kisha akalainisha sauti. "Usiguse hata moja. Nipe chokaa. Jaza ndoo hiyo kubwa."

Ndoo ilipotundikwa kwenye ubao wake, kamba ilitikisika, ikafikiri, ikatulia. Bakran alitoa mikono. Alikaa hewani, Shibam yote chini yake, na hakushuka wala hakupanda. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Anis, aliyekuwa ameinama juu ya ukingo wa paa, alimwona akilitazama gunia kule chini kama mtu anayesikiliza.

Kisha akaanza kupaka.

Kazi haikuwa nyepesi. Ndoo ilipopungua, gunia lilianza kumvuta juu, na ilibidi Anis amteremshie chokaa nyingine. "Ananiharakisha," Bakran akasema. "Ndivyo alivyokuwa, hapendi ndoo ikauke." Alipaka na kusugua mwenyewe, kazi ya wawili kwa mikono miwili. Mstari uliopindapinda ulifutika kwanza, kisha weupe ukatambaa kwenda kulia na kushuka. Na kila aliposhuka gunia lilipanda, mpaka, katikati ya ukuta, wakapishana.

Bakran alilisimamisha hapo. Lilikuwa kando ya bega lake, likizunguka taratibu kwenye kitanzi cha mafundo mawili. Aliliwekea mkono. Alikuwa na jibu moja aliloliweka tangu siku ile, la swali ambalo Yaslam alimwuliza walipopishana mara ya mwisho: kama binti yake amejifungua.

"Mvulana," akasema. "Pua ni yako."

Akaendelea kushuka.

Tone la kwanza lilimpiga mkononi alipokuwa anasugua safu ya mwisho. La pili likapiga ukuta, likateleza juu ya chokaa bila kuingia. Watu kichochoroni walianza kuita watoto na kuanua nguo. Bakran alisugua kona ya chini, akaipitia tena, akafika usawa wa dirisha. Bi Muzna alikuwa amenyoosha mkono.

"Ingia, mvua hiyo!"

Mguu wake ulikuwa umegusa kizingiti. Aliutoa mkono wa Bi Muzna taratibu, akainua uso kuelekea juu, kule gunia lilikofika chini ya boriti.

"Natoka, zamili!"

Maji yalimwingia machoni. Hakuna kilichojibu, ila mvua.

"Nimeshanasa, ami!" Anis akapiga kelele kutoka paani. "Tayari! Ingia tu!"

Bakran hakuingia. Alikaa kwenye ubao wake, maji yanamtiririka kwenye ndevu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Ami! Nimesema nimenasa!"

"Hilo si jibu, mwana wa Yaslam!" Bi Muzna akafoka, nusu ya mwili nje ya dirisha. "Unaitwa! Jibu unavyoitwa!"

Bakran alingoja. Aliona mguu wake juu ya kizingiti, kilichopakana kabisa na chumba kikavu, chenye mto na kahawa, hatua moja tu, na akajua sasa urefu wa hatua ile, na ni mtu wa namna gani aliyengoja bila kuipiga.

Kisha kichwa cha Anis kikatokeza juu ya ukingo wa paa, karibu na gunia, kimelowa, kilemba kimemwangukia shingoni. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kitanzi chenye mafundo mawili. Alipozungumza, haikuwa sauti ya karani.

"Toka, zamili," akasema. "Nimekushika."

Bakran akatoka.